Kikohozi cha Baba Mkwe

Nilijifunza kujificha nikiwa mtu mzima, mwenye shahada, kazi ya kufundisha kompyuta chuoni na nyumba yenye vigae sebuleni. Kwetu Ipogolo, pale magari yanapoanza kupandisha kwenda Iringa mjini, baba mkwe anaheshimiwa lakini mnakula naye meza moja, na chumvi ikipungua anakuambia mwenyewe. Mimi nikaolewa na Mnyakyusa. Miaka mitatu ya mwanzo tuliishi wawili tu Uyole, na mila za ukweni nilikutana nazo sikukuu hadi sikukuu, tulipokwenda kijijini kwao. Kisha mama mkwe akafariki, na mume wangu akamleta baba yake tukae naye.

Baba mkwe ni mtu wa zamani, tena wa zamani aliyekusudia. Kwake, mke wa mwanawe hamtazami usoni, hazungumzi naye, hakai naye chumba kimoja wala hapishani naye mlangoni. Mume wangu alinieleza haya huku akiangalia viatu vyake. Nikacheka, nikamuuliza kama ameshatafuta fundi wa kunichimbia handaki. Yeye hakucheka, nikajua kwamba jambo lenyewe ni la kweli na ni langu.

Nyumba yetu haikujengwa kwa mila hiyo. Mlango wa nyuma unaingilia jikoni, jikoni unatokea sebuleni, na chumba alichopewa mzee kiko ng'ambo ya sebule. Hana njia nyingine. Kwa hiyo alikuwa anakohoa. Akitoka kwenye bustani yake ya viazi nyuma ya nyumba, alikohoa mara moja kwenye uzio, mara ya pili kwenye kona ya tangi la maji, mara ya tatu mlangoni. Baada ya ile ya tatu alisubiri kidogo, kisha akaingia. Mimi kwa wakati huo nilitakiwa niwe nimeshafika chumbani na kurudishia mlango. Chakula chake nilikiweka juu ya stuli mbele ya mlango wake, nikabisha mara moja, nikaondoka. Miezi ikapita hivyo. Nilimjua kwa buti zake za mvua, kwa fimbo yake na kwa kifua chake, lakini ungeniuliza macho yake yakoje nisingekujibu.

Siku moja nilikuwa nimetoka kupiga deki. Kikohozi cha kwanza na cha pili vilinipita kwa sababu ya redio, cha tatu kikanikuta katikati ya sebule. Nikakimbia, vigae vikanitelezesha, nikaanguka kwa goti moja na kishindo ambacho naamini jirani alikisikia. Mzee alikuwa upande wa pili wa mlango. Hakuweza kuingia kuniinua, na mimi sikuweza kumwambia kama nimevunjika au niko mzima. Nilitambaa hadi chumbani nikimlaani kimoyomoyo. Jioni mume wangu aliniambia baba anaulizia goti. Nikamjibu kwamba goti linamsalimia.

Nasema haya ili ieleweke nilikuwa na hasira gani nilipoanza kutengeneza ule mchezo.

Si mchezo hasa, ni kiunzi cha mchezo. Kuna watu wengi duniani wanaotengeneza michezo ya kompyuta kwa kujifurahisha, na mimi ni mmoja wao. Jumamosi, wakati wenzangu wako kwenye vikoba na kamati za harusi, mimi niko sebuleni na laptopu. Nilitaka kujenga mifupa ya mchezo wa kunyemelea, ule unaouona kwa macho ya mhusika mwenyewe, ambao hushindi kwa kupigana bali kwa kutoonekana. Mtu mwingine aichukue mifupa ile bure, aivalishe hadithi yake: mwizi, mpelelezi, mfungwa anayetoroka. Kazi yangu ilikuwa kumtengeneza mlinzi. Mlinzi lazima aone mbele yake na asione nyuma. Lazima asikie, na kila sauti iwe na umbali wake: hatua kwenye zulia isifike mbali, hatua kwenye vigae ifike chumba cha pili. Lazima awe na hali tatu, ametulia, ameshuku, anatafuta, na ajue kutoka hali moja kwenda nyingine bila kuonekana mjinga.

Wengine huhangaika miezi kwa mambo hayo. Mimi nilikuwa nayafanyia mazoezi kila siku jikoni kwangu. Nilijua kwamba mtu anayejificha hasikilizi hatua, anasikiliza hatua zinaposimama. Nilichora nyumba yetu vilevile ilivyo, na mlinzi nikampa buti, fimbo na kofia ya sufu. Sikumwambia mtu kwamba ni nani. Nilijisikia vizuri sana, na leo nikikumbuka raha ile uso unanichoma.

Sauti ndiyo iliyobaki. Sauti za bure za mtandaoni ni za walinzi wa Ulaya, wanaguna kama wamekaliwa na jiwe. Basi alasiri moja, baada ya kupiga deki, niliweka simu kwenye dirisha la jikoni, nikaiwasha irekodi, nikaingia chumbani. Mzee alirudi kutoka bustanini kama kawaida. Alikohoa mara tatu, akasubiri, akapita. Nilipoichukua simu nilikuwa na buti, fimbo na kikohozi safi kabisa. Sikumwomba ruhusa. Ningemwombaje, na mimi siruhusiwi kusema naye? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, ingawa mume wangu alikuwa na mdomo na angeniombea. Ukweli ni kwamba niliogopa kukataliwa.

Kwenye kompyuta nilikikata kikohozi cha tatu, nikaacha vilivyobaki. Baada yake, kwenye mchoro wa sauti, kulikuwa na mstari mwembamba uliotambaa chini, nikaudhania ni upepo na sikujisumbua kuusikiliza. Nikakipachika kwa mlinzi: kila akianza kushuku, akohoe. Mume wangu alipita nyuma yangu siku ile nikiijaribu kwa spika za masikioni, akaniona natabasamu peke yangu, akanitania kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, huyo unayechati naye ni nani? Nikamwambia ni mlinzi. Wiki iliyofuata nikakiweka kiunzi mtandaoni, watu wakakipakua, wakasifia kwamba mlinzi wangu anatisha.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe. Ilikuwa masika, mvua ya Uyole ile isiyo na radi wala haraka, inayonyesha kwa baridi tu. Mume wangu alikuwa Igawa kwa mambo ya mpunga wake. Spika za masikioni zilikuwa zimekufa upande mmoja, kwa hiyo niliziacha, nikaifungulia laptopu sauti yote. Nilikuwa natafuta hitilafu: mlinzi akifika kwenye kona ya tangi alikuwa ananasa. Alishuku, akakohoa, akatulia, akashuku tena, akakohoa tena. Nilimwacha aendelee kukohoa ili nisome mistari ya programu na nione anakwama wapi. Nyumba nzima ikajaa kikohozi cha baba mkwe, tena na tena, na mimi nilishakizoea kiasi kwamba sikukisikia.

Nilipoinuka kwenda kuweka chai, niliona mgongo kwenye dirisha la jikoni. Mzee alikuwa amesimama nje ya mlango wa nyuma, kofia imelowa chapachapa, maji yanamtiririka kwenye shingo, mikono yote miwili juu ya fimbo. Na mimi nilifanya nini? Niliinama. Mwili ulishazoea. Nilichutama nyuma ya kabati la vyombo na kuanza kutambaa kuelekea chumbani, ndipo nikatambua kwamba huyu mtu amesimama hapo kwa muda, kwamba bila shaka amekohoa na kukohoa, na mimi sikusikia kwa sababu yeye alikuwa anakohoa pia ndani ya nyumba. Nikaifunga laptopu, nikaingia chumbani, nikaubamiza mlango ili ajue njia nyeupe. Hakuingia. Nikatoka kwa mlango wa mbele na kumwita jirani. Jirani ndiye aliyemshika mkono, akamwingiza, akambadilisha nguo. Aliniambia mzee anatetemeka na hataki kusema neno.

Jumatatu homa ilikuwa imempanda, na Jumanne akalazwa. Homa ya mapafu, walisema, lakini imewahiwa, dawa zipo. Mume wangu alirudi kutoka wodini jioni ile, akakaa kwenye stuli ya chakula cha baba yake, akaniambia kwamba mzee amekataa dawa na amekataa kula. Anasema hana haja navyo. Siku ile ya mvua alimsikia marehemu baba yake anakohoa ndani ya nyumba. Kikohozi kile kile, alichokuwa akikisikia utotoni, wakati watoto waliposimama nje na kusubiri kuitwa. Basi naye alisimama nje akasubiri kuitwa. Hakuitwa siku ile, lakini ujumbe ameupata: baba amekuja kumchukua.

"Ameshaaga," mume wangu alisema. "Amenigawia hadi buti."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mtu mmoja tu duniani alijua kwamba hakuna marehemu aliyeingia sebuleni kwetu, na mtu huyo alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Nilifungua mdomo, nikamwambia mume wangu pole. Nilijiambia nitasema kesho, mzee akipata nafuu kidogo, jambo likiwa dogo kidogo. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikasema mama yangu anaumwa, nikapanda basi la Iringa. Mama hakuwa anaumwa. Nilikuwa nakimbia, na sina neno lingine la kuliita.

Mama alinipokea bila maswali, akanipa mahindi nipukuchue. Tulikaa barazani, malori yanaunguruma kupandisha kilima, nami nikamwambia yote: simu dirishani, mlinzi, mvua, marehemu. Nilitegemea aniambie kwamba sikukusudia. Mama ni mshirika wa kanisa wa muda mrefu na amewafariji watu wengi kwenye baraza ile. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Mzee wa watu anakufa kwa adabu yake," alisema, "na wewe unaona aibu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kuna basi la asubuhi."

Ndani ya basi hilo niliihesabu miji kama anayepelekwa polisi. Mafinga, Makambako, Igawa. Igawa nilinunua karanga nikashindwa kuzila. Nilitafuta njia ya kulisema jambo lile lionekane ni ajali ya mitambo, na kila njia niliyoipata ilianza na neno hitilafu. Lakini hitilafu haikuiweka simu dirishani. Wala haikumvisha mzee kofia ya sufu ikamfanya adui.

Mume wangu nilimweleza kwenye stendi ya Uyole, tumesimama, begi likiwa bado mkononi. Nikamtolea simu, nikamwambia rekodi yote ya siku ile bado imo humu, aende nayo hospitali amsikilizishe. Hakuipokea.

"Utaipeleka wewe. Ulichochukua mwenyewe ukirudishe mwenyewe."

Wodi ya wanaume ina baraza nje, na kitanda cha mzee kilikuwa chini ya dirisha. Tukapatana hivi: mume wangu aingie na simu, mimi nisimame barazani, mgongo kwenye dirisha, nitazame bustani ya hospitali. Vioo vilikuwa wazi. Nilimsikia mzee anapumua, pumzi fupi zenye mkwaruzo, na nikajua kwamba kifua kile nimekiharibu mimi. Mume wangu alimweleza polepole kwa Kinyakyusa. Mimi Kinyakyusa changu ni cha sokoni, lakini neno kompyuta nililisikia, na nikasikia mzee anacheka kicheko cha kumdharau mtu anayedanganya mgonjwa. Kisha rekodi ikaanza.

Fimbo. Buti kwenye matope. Kikohozi cha uzio, cha tangi, cha mlangoni.

"Ndiye," mzee alisema. Hilo nililielewa bila kutafsiriwa. Alisema ndiye, ndiye baba, sasa mmemwamini. Nilikuwa nimeleta ushahidi, na ushahidi ulikuwa unamzika.

Mume wangu, nadhani kwa kuchanganyikiwa tu, hakuizima simu. Rekodi ikaendelea kwenye ule mstari mwembamba nilioudhania upepo. Haukuwa upepo. Ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe, chini sana, sauti ya mtu anayesema karibu na ubao wa mlango bila kutegemea kusikika. Maneno machache ya Kinyakyusa, kisha kimya kirefu cha kusubiri, kisha kitasa.

Nikauliza, bila kugeuka, amesema nini. Mume wangu alijibu kwa Kiswahili.

"Anasema, taratibu mama, usikimbie. Vigae vimelowa."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miezi kumi na mmoja. Kila siku alikohoa, na kila siku mimi nilishapotea kabla hajamaliza. Huenda alikuwa anayasema maneno yale tangu siku nilipoanguka. Huenda ile subira yake mlangoni, ambayo mimi kwenye mchezo nimeihesabu kwa sekunde na kuiandika kama muda wa mlinzi kutega sikio, ilikuwa muda wa kunipa mimi nifike salama. Nililia pale barazani mbele ya watu waliokuja kuangalia wagonjwa wao, na mama mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Mzee aliomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa ya kumwambia mwanawe, ingawa na mwanawe huwa hasemi Kiswahili:

"Baba yangu alikufa hajakanyaga vigae. Huyo ni mimi."

Akataka uji. Nikasema kwa kuitazama bustani, bila kumwita mtu, kwamba ni mimi niliyemwacha mvuani na ni mimi niliyeichukua sauti yake, na naomba radhi. Nilisikia kijiko kinagonga bakuli.

Amepona. Hivyo ndivyo watu wanavyosema wakija kumwona, na mimi nakubali, namshukuru Mungu. Kile kiunzi nilikitoa mtandaoni wiki ileile, lakini waliokipakua wanacho, na siwajui. Kuna nyumba, sijui za nchi gani, ambamo mtu anajificha nyuma ya kabati kwa kumwogopa baba mkwe wangu. Hilo siwezi kulirudisha.

Kifua chake hakikurudi kama zamani. Sasa anakohoa asubuhi mpaka jioni bila kutaka, kwa hiyo kikohozi hakiwezi tena kuwa cha kubisha hodi. Wamekubaliana na mume wangu kwamba agonge fimbo kwenye fremu ya mlango mara tatu. Akigonga, mimi naondoka sebuleni, lakini sikimbii tena wala sifiki chumbani. Naishia nyuma ya mlango, nauacha wazi kidogo, nazuia pumzi, nasikiliza.

Anagonga, anasubiri muda uleule, kisha anaingia. Katikati hapo hasemi kitu. Ameshajua kwamba katika nyumba hii maneno ya mtu yanaweza kuokotwa dirishani. Nimesimama nyuma ya mlango ule kila siku tangu atoke hospitali, na vigae navikausha kwa tambara mara mbili, na bado hajasema.